Siku Tuliyomgeuza Bi Fatma

Vijana wangu wa wodi ya wanawake, mmenitaka niandike niliyoyaona kazini, nami nimekubali kwa sharti moja: msiniulize vyeo. Nilipandishwa lini, nikaongezwa nini, hayo yamo kwenye faili, na faili wamekwisha lila mchwa. Nitakuandikieni habari ya neno moja la Kizungu lililonihangaisha tangu siku yangu ya kwanza, na habari ya mama mmoja wa Mtambile ambaye neno hilo nusura limtie kaburini.

Niliingia hospitalini mwishoni mwa miaka ya hamsini, msichana niliyetoka shule juzi. Baba aliridhia kwa shingo upande, kwa kuwa kazi yenyewe ilikuwa ya wodi ya wanawake na hakukuwa na mwanamume humo ila daktari na dresa mmoja mzee wa kufunga vidonda. Nilichukuliwa kwa sababu nilijua Kiingereza, au hivyo walivyodhani. Nilijua kueleza habari za paka na mkeka. Habari za tumbo la kuhara sikufundishwa na mtu.

Metroni wetu alikuwa Mzungu mrefu, mwembamba, mwenye miguu myepesi. Ukimsikia huku, keshafika kule. Jina lake nitaliacha. Sisi tukimwita Bi Kamfati, maana neno hilo, comfort, halikumtoka mdomoni asubuhi mpaka jioni. Siku ya kwanza alinishika mkono tukapita kitanda kwa kitanda, yeye akibonyeza mito na kuuliza kama mgonjwa yuko kamfati, nami nikitafsiri kwa kadiri ya akili yangu: "Anauliza, hujambo?" Na wagonjwa wakijibu, kitanda kwa kitanda, "Sijambo, alhamdulillahi." Nyinyi mnatujua sisi Wapemba. Hata roho iwe kooni, ukimwuliza mtu hujambo atakujibu hajambo, ndipo akate roho. Basi Bi Kamfati alimaliza mzunguko wake akiwa na furaha kubwa, akaandika kwamba wodi nzima imo rahani. Wawili kati ya hao tuliwazika wiki ile ile.

Nikaanza kulichunguza neno lile. Mto wa sufi uliokung'utwa ukafura, kamfati. Mgonjwa aliyepigwa sindano akaacha kulia, kamfati. Tajiri mmoja wa karafuu mwenye nyumba ya ghorofa, huyo naye kumbe yuko kamfati, wala haumwi. Nilipoomba ruhusa niende maulidini, Metroni akasema hayuko kamfati na jambo hilo, maana yake nisithubutu. Na daktari, akishamaliza dawa zake zote na hana la kufanya tena, huwatokea jamaa mlangoni na kuwaambia mgonjwa wao yuko kamfati. Neno moja, na mimi nisimame katikati nichague: niseme raha, nafuu, starehe, utulivu, au faraja? Hiyo ya mwisho ndiyo iliyonishinda kabisa, maana Bi Kamfati akiitafuta ndani ya mto.

Aliyenifunza kazi hasa alikuwa Bi Mize, yaya mkuu wa wodi, mtu wa Jadida, mnene, mwenye kikohozi cha tambuu. Bi Mize alinionyesha namna ya kubadilisha shuka na mgonjwa akiwa juu yake. Alinifunza kulisuuza bedipani kwa maji ya moto kabla ya kumpelekea mtu asubuhi ya baridi, na kukinusa kidonda kabla ya kukifungua. Huruma yake yote ilikuwa mikononi. Mdomoni hakubakisha hata tone. Wazee walimwogopa, watoto walimwogopa, na mimi nilikuwa nikisikia kikohozi chake najikuta nafuta kitu, hata kama ni safi.

Ndipo akaletwa Bi Fatma. Alikuwa mama wa makamo, mke mkubwa wa Mzee Makame wa Mtambile. Msimu wa karafuu, mvua za vuli zimelainisha udongo, aliteleza kilimani na pakacha kichwani, paja likavunjika. Daktari akamfunga kamba mguuni, kamba ikapita kwenye kapi miguuni pa kitanda, na mwisho wake ukaning'inizwa mfuko wa mchanga wa kuuvuta mfupa ukae sawa. Akawa wa kulala chali, hageuki huku wala huku, kwa wiki nyingi.

Wiki za mwanzo alikuwa ndiye burudani yetu. Alilalamikia wali ("huu mmeupika kwa tui au kwa maji ya kisima?"), akamwozesha dresa wetu mzee kwa kila mjane aliyelazwa, na siku za kutazama wagonjwa mumewe akija na machungwa humpokea kwa kumwuliza kwa nini kachelewa. Na mwenziwe, Bi Asha, mke mdogo, wala hakumtaja. Hawakusemeshana miaka. Daktari alisema mfupa unaunga vizuri.

Basi Bi Mize akaenda Micheweni kwenye harusi ya mpwa wake, na nyuma yake Bi Kamfati akapata fikra. Kitanda cha Bi Fatma kilikuwa pembeni, penye joto. Metroni akaona ule ni uonevu. Mtu alale chali wiki zote anatazama ukuta, na dirisha kubwa lipo, upepo unaingia, mikarafuu yaonekana mpaka bondeni? Akaamuru kitanda kisukumwe, upande wa miguu uelekee dirishani, na kichwani tupandishe mito miwili, atazame nje vizuri. Dresa akasukuma. Mimi niliushika mfuko wa mchanga usibembee. Tulipomaliza Metroni akarudi nyuma hatua kidogo, akaweka mikono kiunoni, akatazama, akasema neno lake.

Dirisha lile lilikuwa la kaskazini. Na kwetu Pemba, Makka iko kaskazini hasa, haipindi. Na nyinyi nyote mmeona, kwa mabibi na mababu zenu, mtu wetu anapofikwa na saa yake hulazwaje: chali, nyayo kibla, na mto chini ya kichwa, uso upate kuelekea.

Bi Fatma aliinua macho. Alitazama dirisha, akatazama jua liko upande gani, akatazama miguu yake.

"Raya," akaniita. "Nani kaamuru?"

"Metroni, Bi Fatma."

"Kasemaje?"

"Kasema upate kustarehe."

"Haya," akasema polepole. "Alhamdulillahi." Akaitema tambuu yake kwenye kopo, akajifunika ushungi vizuri, na tambuu nyingine hakuitaka.

Alasiri akaja Mzee Makame na pakacha lake la machungwa. Aliingia mlangoni akicheka na mtu nyuma yake, akainua macho, akaona kitanda. Pakacha lilimponyoka, machungwa yakabingirika mpaka chini ya vitanda vya watu. Nikamsikia anasema "Inna lillahi" kwa sauti ya ndani. Akaenda, akainama sikioni kwa mkewe, akaanza kumtajia shahada, taratibu, neno kwa neno. Naye Bi Fatma akaifuata, neno kwa neno. Mume alidhani mke keshaambiwa na daktari. Mke alidhani mume ndiye aliyeambiwa. Hakuna aliyemwuliza mwenzake, kwa kuwa jambo kama hilo haliulizwi.

Alipotoka akanisimamisha ukumbini. "Mwanangu, nini wamesema wakubwa?"

Nami nikaenda kumwuliza Metroni, nikarudi na jibu nililopewa. "Yuko vizuri sana, Mzee. Anastarehe."

Akanitazama kwa macho mekundu. "Mola akulipe, mwanangu. Una ulimi mzuri." Akaondoka anajifuta kwa ncha ya kanzu. Nilisimama pale nikajiuliza nimesema nini kibaya.

Kesho yake Mtambile ilihamia kwetu. Walikuja magari tele, wake kwa waume. Zilikuwa zile zama za siasa, ambapo mtu wa chama hiki hanunui hata kiberiti kwenye duka la mtu wa chama kile, lakini wanawake wa pande zote mbili wakakaa mkeka mmoja kando ya kitanda cha Bi Fatma wakilia kwa pamoja. Maalimu mmoja alikaa kichwani akasoma Yasini. Akaja na Bi Asha, mke mdogo, akapiga magoti, akataka radhi kwa yote yaliyopita, na Bi Fatma akamsamehe kwa sauti ya upole niliyokuwa siijui. Wagonjwa wengine walijifunika gubigubi.

Na Bi Kamfati je? Lo, alifurahi! Alisema hajaona jamaa wenye mapenzi kama hawa, na kwamba hiyo ndiyo kamfati kubwa kupita zote. Kengele ya kuwatoa wageni, ambayo siku zote alikuwa akiigonga kama amekasirishwa nayo, siku ile hakuigonga. Akaagiza chai. Akagawa biskuti kwa mkono wake mwenyewe. Na kila biskuti aliyoitoa, watu wakatazamana na kutikisa kichwa. Mzungu yule mkali, leo anagawa biskuti? Basi tena, limekwisha.

Bi Fatma akaacha kula. Hakugoma, hakununa. Ukimletea uji, anakushukuru na kuusogeza. "Cha nini tena, mwanangu? Mpe yule mwenye mtoto." Kanga zake akazigawa. Homa hana, mguu hauna neno, na kila asubuhi nikimpima mapigo ya moyo nayakuta yamefifia kuliko jana. Daktari akaja, akampima kifua, akakuna kichwa. Akanieleza kwa Kiingereza kilichonyooka kabisa: mtu aliyefungwa chali vile, asipokula, mgongo utaingia vidonda na mapafu yatajaa, na hapo hata mguu ukiunga hautakuwa na wa kuutembelea. Niliogopa. Nilikuwa nampenda yule mama, na nilikuwa namwona anaondoka mbele ya macho yangu bila ya kuumwa.

Nilikuja kufahamu siku Mzee Makame aliponiuliza, kwa adabu, maji ya kuoshea yatapatikana hospitali au wayachukue msikitini. Chini ya kwapa alikuwa na furushi la gazeti, na ndani yake kitambaa cheupe. Sanda! Nilikimbia mpaka kwa Metroni, nikamweleza habari ya kibla, dirisha na mito. Uso ulimwiva mpaka masikioni. Haki yake nimpe: hakubisha, hakujitetea. Alikuja mbio akakishika kitanda mwenyewe, tukakirudisha pembeni.

Bi Fatma akatutazama tunavyohema. "Mmenirudisha nisiogope," akasema. "Ahsanteni. Mna imani."

"Wallahi hufi, Bi Fatma!" nikamwapia. "Ilikuwa upepo tu! Metroni alitaka upate upepo!"

Akanishika mkono, akanipapasa. "Usilie, mwanangu. Ukubwani utazoea." Mgonjwa ndiye aliyekuwa akinifariji muuguzi. Tukamwita daktari aseme kwa kinywa chake kwamba hana ugonjwa wa kumuua. Nikatafsiri sentensi kwa sentensi. Bi Fatma akamsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akamtaka radhi kama alimkosea. Tulikuwa tumekwama. Kwetu nani aliyewahi kumwambia mtu kuwa anakufa? Anayekufa ndiye anayeambiwa kwamba hajambo. Kila tulivyozidi kumtuliza ndivyo tulivyozidi kumthibitishia, na kila mto tuliomwongezea ulikuwa kama chetezo cha ubani wa maiti.

Siku iliyofuata akarudi Bi Mize.

Alirudi na hina mikononi na hasira tumboni, kwa kuwa huko harusini aliandaliwa biriani ukoko tupu huku wakwe wakila minofu. Hakuna aliyepata nafasi ya kumweleza lolote. Akaingia wodini, akasimama, akatazama. Mkeka umejaa watu. Vikombe vya chai kila mahali. Machungwa ya siku ile yameozea chini ya vitanda, na sisimizi wamefanya safu kutoka sakafuni, wamepanda mguu wa kitanda cha Bi Fatma mpaka kwenye godoro.

"Ala!" akapaza sauti. "Hii ni wodi au banda la mbuzi? Fatma! Sisimizi wanakupanda mpaka kwapani na wewe umefumba macho kama biarusi? Na huo uji wa nani, umeota utando? Lete hapa! Ntu mzima huoni haya, kulishwa mpaka ubembelezwe?"

Bi Asha, mke mdogo, akamvuta kanga. "Bi Mize, taratibu. Huyu ntu yumo safarini."

"Safarini?" Bi Mize akamgeukia. "Anakwenda wapi naye, na nguu umefungwa nchanga?"

Maalimu alikuwa katikati ya aya, akaishia hapo hapo. Bi Fatma akafumbua jicho moja.

"Mize. Wanisema mimi?"

"Nakusema wewe, ndiyo!"

"Na hali yangu hii?"

"Hali gani? Mguu umevunjika, haya, umevunjika! Wangapi wamevunjika miguu? Wewe ndiwe wa kwanza duniani? Kaa sawa huko! Nikirudi na ufagio nilikute bakuli jeupe, la sivyo nakuondolea mito yote!"

Bi Fatma akafumbua na jicho la pili. Akamtazama Bi Mize kwa muda mrefu, akamtazama kwa makini, mtu anavyotazama sarafu kujua kama ni ya kweli. Akaleta mkono.

"Nipe huo uji," akasema. Akameza kijiko kimoja, akakunja uso. "Na sukari nayo mmemwachia nani?"

Nililia palepale nikiwa nimeshika sinia.

Lakini makelele yalikuwa yamefika ofisini. Bi Kamfati akatokea mlangoni, mweupe kwa ghadhabu, akamwita Bi Mize na mimi mkalimani. Alisema katika maisha yake yote hajasikia mgonjwa akitendewa vile, na kwamba Bi Mize akachukue vitu vyake aende nyumbani. Bi Mize alisimama akingoja nimtafsirie. Alidhani anagombwa kwa kuchelewa gari la Micheweni. Sikumtafsiria. Nilimgeukia Metroni, kwa Kiingereza changu cha paka na mkeka, nikamwambia hapa kwetu mtu anayekufa hagombwi. Anasamehewa, anabembelezwa, anapewa biskuti. Anayegombwa ni yule ambaye kesho yupo. Nikamwambia achungulie.

Akachungulia. Bi Fatma alikuwa anakwangua bakuli.

Metroni akanivuta pembeni, akanitaka nimfundishe neno la kugombeza. Nikampa lililo jepesi. Akaingia wodini kwa ile miguu yake myepesi, akasimama mbele ya kitanda, akanyoosha kidole. "Bi Fatma! Kula! Wewe mkaidi sana!" Alilitamka vibaya, na sauti yake haikuwa na ukali hata chembe, lakini wanawake wa mkekani waliangukiana kwa kicheko, wa chama hiki juu ya wa chama kile. Mzee Makame alipofika alasiri mkewe, toka kitandani, alimpokea kwa sauti: "Hata Mzungu kanikaripia! Na wewe umechelewa wapi?" Yule mzee alikaa chini sakafuni, na furushi lake la gazeti mapajani, akalia kuliko siku ile ya machungwa.

Baadaye, miaka na miaka, Bi Mize aliwahadithia watu kuwa alijua alichokuwa anakifanya. Hakujua. Zilikuwa hasira za biriani. Na Bi Fatma na Bi Asha, mara mguu uliposhika nguvu, walirudi kununiana, nasi tukaandika kwamba mgonjwa anaendelea vizuri. Msidhani nawafundisha kuwatukana wagonjwa. Wapo kati yenu ambao hawahitaji kufundishwa hilo. Nasema tu kwamba kabla ya kumpangia mtu raha yake, mtazame yeye anakwenda kuisoma vipi.

Siku ya kuruhusiwa kwake, Bi Fatma alitoka wodini kwa miguu yake na bakora ya mumewe. Gari la Mtambile lilikuwa linanguruma nje. Sote tulitoka kumsindikiza. Bi Kamfati akamshika mikono yote miwili, macho yamemlengalenga, akaanza kusema naye kwa sauti laini, maneno mengi matamu ya Kiingereza, akampa na mto mpya wa sufi aliomshonea mwenyewe, wa kukalia garini.

Nikamwona Bi Fatma rangi inamtoka. Akanivuta mkono, akaninong'oneza.

"Raya. Mbona ananibembeleza? Wameona nini tena?"

Moyo wangu ulikuwa umejaa. Nilitaka kumkumbatia, nimwambie nitamkumbuka, nimtakie kheri na umri mrefu.

"Bi Fatma, hebu ondoka hapo mlangoni," nikamwambia, "unatuzibia njia. Na gari likikuacha usije ukanirudia miye, sina kitanda cha kukupa."

Akanitazama machoni. Kisha damu ikamrudi usoni. "Lo! Mtoto huna adabu hata kidogo!" akasema. Akaubana mto wake kwapani, akashuka ngazi moja moja, akinitukana mpaka getini.